Jicho Lisilofumba Katika Nyumba ya Wengi

Katika nyumba ya ghorofa mlango wako ni wako, lakini ngazi, ukumbi wa chini na lifti ni mali ya wote wakaao humo. Hapo, kati ya kilicho changu na kilicho chetu, ndipo ugomvi huzaliwa.

Tutazame shauri moja la Bucharest, mji mkuu wa Romania. Mwezi wa Aprili 2016, mkutano wa wenye nyumba moja ya ghorofa uliazimia kutundika kamera tatu: moja ielekee upande wa mbele wa nyumba, ya pili iwe katika ukumbi wa chini, ya tatu ndani ya lifti. Hawakufanya hivyo kwa mchezo. Lifti ilikuwa imeharibiwa mara nyingi, na makao kadhaa yalikuwa yamevunjwa na kuibiwa. Kwanza walitia mlangoni kifaa cha kufungulia kwa kadi. Maovu yakarudi vilevile.

Jirani mmoja, mwenye mali kama wenziwe, akakataa. Akaenda mahakamani kuomba kamera zote ziondolewe, maana zaingilia maisha yake ya faragha. Mimi namwelewa. Bawabu mzee akikuona unarudi usiku hukuamkia, na kesho amekwisha kusahau. Kamera haiamkii mtu, wala haisahau. Yajua nani alikuja kukutembelea, saa ngapi, na alitoka lini. Hata mgonjwa ashukaye ngazi akijishika ukutani hupigwa picha. Lakini namwelewa pia mama aliyekuta mlango wake umevunjwa!

Mahakama ya Bucharest iliuliza Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg, nayo ikajibu tarehe 11 Desemba 2019. Haikukataza kamera, wala haikuzifungulia njia yote. Si lazima kila mkaaji akubali, ilisema. Lakini sababu iwe ya kweli na ya sasa, si hofu ya kuwaziwa tu. Itazamwe kama njia nyepesi zaidi hazitoshi. Tena haki ya wanaotazamwa ipimwe pamoja na usalama wa wote. Huenda yatosha kamera ifanye kazi usiku tu, au sehemu nyingine za picha zifichwe. Kupima hayo yote kwa nyumba ile kuliachiwa mahakama ya Romania. Basi kura ya wengi peke yake haimalizi neno.

Nchini Ubelgiji, wanakokaa jamaa wengi wa Kikongo, sheria ya 21 Machi 2007 yataka kibao cha alama kiwekwe mlangoni, kumjulisha aingiaye kwamba kuna kamera. Picha zisizosaidia kuthibitisha kosa zisihifadhiwe, kwa kawaida, kupita mwezi mmoja. Na aliyepigwa picha ana haki ya kuomba kuziona. Kijana aliyehamia huko aweza, bila kugombana na mtu, kumwendea msimamizi wa nyumba na kumwuliza: picha hizi zawekwa wapi, na ni nani mwenye ufunguo?