Shoka Kubwa Kuliko Yote Halijachanja Hata Ukuni Mmoja

Shoka kubwa kuliko yote duniani limesimama Nackawic, mji mdogo katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada. Lilijengwa mwaka 1991, lina urefu wa mita 15 na uzito unaozidi tani 50, na makali yake yamezama kwenye kisiki cha zege. Kuni halijachanja, wala halitachanja. Nacheka, lakini dukani wengi wetu huchagua kwa macho hayo hayo: tunanyanyua hili, tunanyanyua lile, tunaondoka na zito.

Uzito unadanganya. Shoka la kilo 3 likishuka kwa kasi ile ile ya shoka la kilo moja na nusu, nguvu ya pigo ni mara mbili. Lakini kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hupanda mara nne. Kwa hiyo lile unaloweza kulishusha kwa kasi hata kwenye gogo la ishirini ndilo lenye nguvu zaidi mikononi mwako. Kwa mtu wa kawaida, kichwa cha kilo 2 hadi 2 na nusu na mpini wa sentimita 80 au 90 vinatosha.

Makali nayo? Mashoka makali kuliko yote ni ya wanamichezo wa kukata magogo kwa kushindana, mchezo ambao ubingwa wake wa dunia wa kwanza ulifanyika Latrobe, Tasmania, mwaka 1891. Hunolewa hadi yanyoe ndevu. Ukilichanjia kuni shoka la namna hiyo utajuta, maana litazama kwenye gogo na kung'ang'ania humo. Kukata ni kuvuka nyuzi za mti. Kuchanja ni kuzifuata na kuzitenganisha, na kazi hiyo yataka shoka lenye ubavu mnene unaosukuma mti huku na huku. Lipitishie tupa kidogo kila baada ya siku kadhaa, basi.

Jina la mti linalotisha kuliko yote kwa mchanja kuni ni quebracho, mti wa Argentina na Paraguay. Limetokana na maneno ya Kihispania yenye maana ya "kivunja shoka". Sisi tuna mpingo, mzito hadi unazama majini, lakini anayeuchanja kuwa kuni anastahili kuulizwa akili zake ziko wapi. Mkaratusi uchanje ungali mbichi, ukikauka utakusumbua. Mvinje, alhamdulillahi, huwaka hata ukiwa haujakauka vizuri.

Kama kuna kifaa kilichonyimwa heshima kuliko vyote, mimi nataja kabari. Mei 1860, katika mkutano wa chama cha Republican cha jimbo la Illinois mjini Decatur, John Hanks, ndugu wa upande wa mama wa Abraham Lincoln, aliingia akiwa na fito mbili za uzio zilizosemwa kuwa Lincoln alizipasua ujanani. Umati ukalipuka. Kuanzia hapo mgombea akaitwa mpasua fito, na Novemba akachaguliwa rais wa Marekani. Watu wakachora shoka. Lakini fito za namna ile hupasuliwa kwa kabari na nyundo nzito ya mti, shoka likiwa msaidizi tu.

Gogo la mwembe ndilo lililonifunza, tena pale penye tagaa, ambapo nyuzi zimesukwa kama ukili. Shoka lilidunda mara sita. Nikatafuta ufa mdogo ukingoni, nikasimika kabari kwa mapigo mepesi, kisha nikashusha nyundo. Mlio mwanzoni ni mkali, ngo, ngo, halafu unakuwa mzito, na ukinyamaza kidogo unasikia mti wenyewe ukilia ndani. Hapo unatia kabari ya pili mbele ya ufa, ya kwanza inalegea na kuanguka yenyewe. Kabari usiipigie kisogo cha shoka, kwa kuwa tundu la mpini hupanuka. Na kabari iliyochanua kichwa kama uyoga ipitishe kwenye tupa kwanza, vipande vyake huruka machoni.

Kwa usalama, tuzo yangu inakwenda kwa Ayla Hutchinson wa New Zealand. Mama yake alijikata kidole akichanja vijiti vya kuwashia moto, naye akiwa na miaka 13 akageuza mambo: makali yamesimama chini ndani ya pete ya chuma, unaweka kijiti juu, unapiga kwa nyundo. Kwa werevu, Mfini Heikki Kärnä, ambaye shoka lake lina uzito upande mmoja, hivyo likigusa gogo hujipinda na kubandua kipande kama mtaimbo.

Mashoka ya kale tunayo wenyewe. Ya mawe yaliyopatikana Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana, yana miaka milioni 1.76 na ni miongoni mwa makongwe zaidi yanayojulikana. Hayakuwa na mpini, na nadhani waliyatumia kwa amani ya moyo, kwa sababu mpini ndio ulioniaibisha mimi. Shoka la kienyeji ulimi wake hupenya kwenye kichwa kinene cha mpini, kila pigo likizidi kuukaza. Langu lilikuwa la dukani, la tundu, na mpini ulioingizwa ukiwa mbichi. Kiangazi ukasinyaa. Nikaambiwa nililoweke usiku kucha, nikaliloweka, likakaza siku mbili. Siku ya tatu kichwa kilipaa juu ya ua na kutua kwenye mihogo ya jirani. Mama mwenye shamba alinirudishia bila kusema kitu, akakishika kwa ncha za vidole. Sasa shoka lina mpini wa mpera uliokaushwa kivulini miezi minne.