Mirathi Isiyofuata Faraidhi

Yapata miaka elfu moja iliyopita, Abulqasim Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Andalusi, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif habari za kijiji kimoja ambacho wanaume wake, wakipatwa na jeraha, hutokwa na damu isiyozuilika hata wakafa. Maradhi hayo leo huitwa hemofilia, na sababu ya kuwaandama wanaume imo katika nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama, pamoja na Y ya baba. Na kwa kuwa agizo la kugandisha damu limo katika X, mwanamke mwenye X moja mbovu aghalabu husitiriwa na ile nzima, ilhali mwanamume, yake ikiharibika, hana akiba.

Malkia Victoria wa Uingereza, mwenyewe asiyeugua, alimzaa mwaka 1853 mwanawe wa nane, Leopold, mwenye maradhi hayo, aliyelelewa kama yai. Machi 1884, akiwa Cannes, Ufaransa, Leopold aliteleza akaumia goti, na siku ya pili akafa, umri wake miaka 30, akiacha binti mchanga, Alice, na mke mjamzito, aliyejifungua baadaye mtoto wa kiume, Charles Edward.

Sisi tuliozoea kwamba mwana wa kiume ndiye ashikaye mahali pa baba tungemhofia huyo, nasi tungekosea. Katika faraidhi mwana wa kiume hupata mafungu mawili na binti moja. Lakini X ya baba huitwaa binti, kila binti, na mwana wa kiume hatoki na kitu ila Y. Charles Edward hakuwa na maradhi yale kabisa. Alice naye hakuugua, ila aliyabeba, na kwa mama wa namna hiyo kila mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu. Rupert, mwanawe, akaangukia nusu mbaya. Mwaka 1928 alipata ajali ya motokaa huko huko Ufaransa, akafa na miaka 20, kwa maradhi ya babu asiyemwona.

Upofu wa rangi, wa kutopambanua nyekundu na kijani, nao hupita njia hiyo, bila ya kuua mtu. Na kwa kuwa X ya mvulana hutoka kwa mama, mganga, akiletewa mvulana aliyetahiriwa asikauke damu, huanza kuuliza habari za wajomba.