Chujio la Kiyoyozi na Kifua cha Mwenye Pumu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, kiyoyozi kikiwashwa madirisha hufungwa, na wenye nyumba huamini kwamba hewa ya chumbani sasa ni safi. Imani hiyo humponza mwenye pumu. Kiyoyozi cha ukutani kwa kawaida hakiingizi hewa mpya. Huzungusha na kupoza ileile iliyomo chumbani. Wavu wake wa plastiki hunasa vumbi kubwa na nyuzi za nguo, na kazi yake ya kwanza ni kuilinda mashine. Chembe za mikromita 2.5 au pungufu, zinazofika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingi hupita.

Nchini Marekani, ambako mtambo mmoja hupasha joto na kupoza nyumba nzima kwa njia ya mabomba, machujio hupangwa kwa kipimo cha MERV, kuanzia 1 hadi 16. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe ndogo zinavyonaswa: chujio la MERV 13 hunasa angalau nusu ya chembe za mikromita 0.3 hadi 1. Hata hivyo, chujio zito huweza kuzuia mkondo wa hewa pia. Kwa sababu hiyo haifai kubandika kitambaa au chujio nene juu ya wavu wa kiyoyozi cha ukutani: hewa hupungua, na mashine huweza kuganda barafu.

Lililo jema ni kuuosha wavu kwa maji kila baada ya wiki mbili hivi, na kuukausha kivulini kabla ya kuurudisha. Kazi hiyo aifanye mtu asiye na pumu. Mwenye uwezo na anunue kisafisha hewa chenye chujio la HEPA, linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, kinacholingana na ukubwa wa chumba. Vifaa vinavyotoa ozoni viepukwe, kwani huwasha njia za hewa.

Machujio haya hayazuii kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua, hata kiyoyozi kikiwa kinanguruma.

Basi mhudumu wa afya anapompokea mgonjwa anayekohoa usiku, pamoja na kukagua namna anavyotumia dawa ya kuvuta, na amuulize: wavu ulioshwa lini, nani huvuta sigara ndani, na jiko huwashwa wapi?