Dhamana, Madai na Wakili: Niliyojifunza Wetherill Park



Wengi wetu tuna shahada za kutosha kufunika ukuta wa sebule, lakini ikija bahasha ya mahakama tunakuwa kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na imenigharimu. Kwa hiyo naomba nieleze, kwa Kiswahili cha kawaida, ni wakati gani hapa New South Wales mtu amtafute wakili na wakati gani ahifadhi pesa zake. Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria. Udaktari wangu ni wa isimu, niliupata Uingereza, na katika mambo haya haukunisaidia hata kidogo.

Nianze na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili cha sheria kinatofautisha vizuri kabisa: kwenye jinai kuna mshtakiwa, kwenye madai kuna mdaiwa. Lakini mtaani nani anajali? Yote ni "fulani kapelekwa mahakamani", na majirani wanashusha sauti. Hofu hiyo tumekuja nayo huku. Mtu akipata hati ya madai anaificha kabatini kana kwamba polisi wako mlangoni. Kumbe kesi ya deni haimpeleki mtu jela. Inakula pesa tu, na ukinyamaza inakula haraka zaidi.

Neno la pili ni dhamana. Kwetu kumdhamini mtu ni heshima. Unamtoa kijana wa jirani polisi kwa dhamana, unamwekea mwenzako saini kwenye SACCOS, na ukikataa unaonekana una roho ya kwa nini. Mwaka 2022 kijana mmoja, mtoto wa dada yangu wa ukoo, alikodi ghala dogo huku kwetu. Kwa wasioijua Wetherill Park, upande mmoja ni nyumba za watu, na upande wa pili, tukiungana na Smithfield, ni moja ya maeneo makubwa ya maghala na viwanda Australia. Malori hayalali. Kijana alikuwa anakusanya magodoro, friji na vipuri vya magari, anajaza kontena, anapeleka Mombasa na Dar es Salaam. Mwenye ghala akataka mdhamini.

"Mjomba, ni saini tu," akaniambia.

Mkataba niliusoma usiku mmoja, tena kwa makini. Nilisahihisha hata koma. Kulikuwa na kifungu kinachosema mdhamini atawajibika kana kwamba yeye mwenyewe ndiye mpangaji, bila kiwango cha mwisho, pamoja na gharama za mawakili wa mwenye ghala. Kila sentensi niliielewa. Nisichoelewa ni kitu gani sentensi hizo zingenifanyia. Nikasaini.

Biashara ikafa mwaka 2024. Baada ya miezi kadhaa ikaja hati ya madai, dola 41,000, jina la kijana juu na langu chini. Nikasema moyoni, aliyeandikwa kwanza ndiye atakayejibu. Nikaiweka chini ya lundo la insha za wanafunzi.

Hapo ndipo penye mtego ambao ningependa kila mmoja wetu aujue. Nyumbani unaletewa samansi yenye tarehe: siku fulani, saa tatu asubuhi, ufike mbele ya hakimu. Kwa hiyo mtu anasubiri siku hiyo. Hati ya madai ya Local Court ya huku haikuwekei tarehe ya kufika. Inakupa siku 28 tangu ulipokabidhiwa, uwe umewasilisha utetezi wako kwa maandishi, au umelipa, au umekubaliana na anayekudai. Zikipita, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja na anaipata bila mtu yeyote kukusikiliza. Mimi nilikuwa bado nasubiri kuitwa.

Nilichoitiwa ni simu kutoka ofisi ya mishahara chuoni. Dada wa watu, kwa adabu zote, ananieleza kwamba wamepokea amri ya kukata mshahara wangu. Sheria inakuachia kiasi fulani cha kila wiki ambacho hakiguswi, lakini kinachobaki juu yake ni halali ya anayekudai. Jamani, nimefundisha miaka mingi. Siku ile nilipita korido za chuo kama mwizi wa kuku.

Basi nikaenda kwa wakili, Fairfield mjini. Mama wa makamo, hana maneno mengi. Akaniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: ghala lile sasa liko wazi? Nikamwambia hapana, lina mpangaji mwingine, napita hapo kila nikienda Stockland kununua mahitaji. Akaweka kalamu chini. Kumbe mwenye mali mkataba ukivunjika ana wajibu wa kupunguza hasara yake. Hawezi kunidai pango la miezi ambayo mtu mwingine anamlipa pango hilo hilo. Tena amana aliyoweka kijana mwanzoni haikuwa imetolewa kwenye hesabu. Akapeleka maombi ya kutengua hukumu pamoja na hati yangu ya kiapo, inayoeleza kwa nini nilichelewa na kwamba kuna hoja ya kweli kuhusu kiasi. Tukamalizana na mwenye ghala kabla ya kusikilizwa, kwa dola 23,500. Wakili nilimlipa elfu nne na kitu.

Ningejitetea mwenyewe ningeandika kurasa kumi na nne juu ya maana ya dhamana, na mpangaji mpya nisingemtaja hata mara moja. Na ningemwona mama yule mwaka 2022, kabla ya kusaini, kwa dola mia chache angenishauri dhamana yangu iwekewe mpaka, tuseme pango la miezi mitatu, au mwenye ghala apewe dhamana ya benki. Alikuwa na haraka ya kupangisha, nadhani angekubali.

Lakini msije mkadhani nasema wakili kwa kila kitu. Jirani yangu mmoja, mama kutoka Bukavu, alipohama nyumba wakala alitaka kuzuia bondi yake yote kwa ajili ya zulia na rangi. Bondi ya nyumba huku haizidi pango la wiki nne, na haikai mfukoni mwa mwenye nyumba, inahifadhiwa na serikali ya jimbo. Mpangaji anaweza kuidai mwenyewe, na upande wa pili ukipinga una siku 14 za kwenda barazani. Wakala alikwenda. Baraza lenyewe ni NCAT, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2014 baada ya kuunganishwa mabaraza mengi madogo. Mambo yake ni ya kila siku: pango, mafundi wabovu, vitu vibovu vya dukani.

Nikavaa tai, nikaenda naye nikimsemee. Mjumbe wa baraza akaniuliza mimi ni nani, kisha akaniomba nikae nyuma. Katika kesi nyingi za aina hiyo mtu anajisemea mwenyewe, na wakili au mwakilishi mwingine yeyote lazima aombe ruhusa. Nikakumbuka Mahakama ya Mwanzo kwetu Tanzania, ambako kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Mama alipewa mkalimani wa Kiswahili bila kulipa senti, kwa sababu aliomba mapema. Alikuwa na picha alizopiga siku aliyoingia, zulia likionekana limechakaa tayari, na ile fomu ya hali ya nyumba aliyoijaza wiki ya kwanza. Kabla ya kusikilizwa waliambiwa wakazungumze pembeni. Akarudishiwa pesa zake zote isipokuwa za kusafisha jiko. Wakili angekula bondi nzima na bado angedai nauli.

Madai madogo ya Local Court, yaani yasiyozidi dola 20,000, nayo yana tabia hiyo: hata ukishinda, gharama za wakili utakazorudishiwa ni kidogo. Kwa hiyo mkigongana magari na ugomvi ni wa dola elfu tatu, jaribu mwenyewe, ila kwanza upate ushauri wa bure. Legal Aid NSW wanatoa, na kama Kiingereza cha sheria kinamchosha mzee wako, apige 131 450 aombe mkalimani wa Kiswahili.

Nikiwa kwenye magari: ile bima ya lazima, green slip, inashughulikia watu walioumia. Bamba la BMW ya mwenzako halimo. Wenzetu wengi wanaligundua hilo wakiwa wamesimama katikati ya The Horsley Drive. Na aliyeumia asingoje. Akiwasilisha madai ndani ya siku 28 malipo ya mshahara uliopotea yanahesabiwa tangu siku ya ajali. Mtu akiumia vibaya, hapo simung'unyi maneno, atafute wakili.

Kazi pia. Ukifukuzwa kwa kuonewa una siku 21 tu za kupeleka ombi Fair Work Commission. Sisi wasomi ndio wa kwanza kuzipoteza, tunaandikiana barua za malalamiko na mkuu wa idara hadi muda unakwisha.

Na madeni ya zamani. Katika jimbo hili deni la kawaida la mkataba likipita miaka 6 bila malipo wala kukiriwa kwa maandishi, linakufa kabisa, si kwamba linakosa tu mlango wa mahakama. Lakini kabla miaka hiyo haijatimia, ukilipa hata dola kumi ili mpiga simu akuache ulale, hesabu inaanza upya. Iwapo hukumu ilishatolewa, sheria ni nyingine, miaka 12. Basi kabla ya kutuma hizo dola kumi, uliza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mirathi, hasa kwa ndugu zetu wa Lamu, Mombasa na Visiwani. Nimesikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema "sisi Waislamu mafungu yetu yanajulikana". Yanajulikana na nani? Ukifa hapa bila wasia, inayogawa ni Succession Act ya mwaka 2006. Kama umeacha mke na watoto wote ni wa mke huyo, mke anachukua vyote. Mama yako mzazi aliyeko Pemba, ambaye kwa sheria ya Kiislamu ana sudusi yake, hapati kitu. Unayetaka mafungu yafuatwe huna budi kuandika wasia, uusaini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, nao wasiwe warithi. Hata hivyo mke au mtoto anaweza kwenda mahakamani ndani ya miezi 12 tangu kifo, akadai hakuachiwa cha kumtosha. Na ukioa baada ya kuuandika, kwa kawaida wasia wa zamani unafutika.

Kisha kuna nyumba ya Tanga. Ardhi inafuata sheria ya ilipo, wasia wa Sydney usidhani utaivuka bahari peke yake. Mtanzania aliyechukua uraia wa Australia amepoteza ule wa kwanza, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia. Hapa ni wakili wa huku na wa kule, wote wawili, mtu akiwa bado mzima na anaweza kujibu maswali.

Kuhusu bei zao, msione haya kuuliza. Kazi ikitarajiwa kuzidi dola 750 wakili analazimika kukuandikia makadirio ya gharama. Na hawa wa "usiposhinda hulipi", soma tena: humlipi yeye, lakini unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande ulioshinda.

Kijana wangu sasa anaendesha forklift Smithfield. Ananirudishia dola 150 kila wiki mbili, na hajaruka hata mara moja. Makubaliano tuliyaandika ukurasa mmoja, mezani kwangu. Nilipompa kalamu akaishika, akaniangalia, akasema, "Samahani Mjomba, naweza kumwonyesha wakili kwanza?"

Nikampa namba ya yule mama wa Fairfield.