Nzi Mwenye Sura ya Nyuki

Ukipita kwenye shamba la ufuta Mloka, kando ya Mto Rufiji, ukamwona mdudu wa mistari ya njano na nyeusi ameganda hewani mbele ya ua, usiharakishe kumwita nyuki. Tazama mabawa. Nyuki ana manne. Huyu ana mawili, na nyuma yake vijiti viwili vyenye vichwa vya mviringo vinavyomsaidia kushika mizani. Vipapasio vyake ni vifupi, na macho yamejaa karibu kichwa kizima. Huyu ni nzi wa maua, wa familia ya Syrphidae. Hana mwiba wala sumu. Kinga yake ni sura ya kuazima.

Ulaya, jamaa yake Volucella bombylans humwiga Bombus, nyuki mnene mwenye manyoya mazito. Afrika kusini mwa Sahara Bombus hana asili. Huku nyuki wa kuogopwa kwa ukubwa ni Xylocopa, anayetoboa boriti na miti mikavu ili atage humo. Naye ana mwigaji wake: Hyperechia, nzi mwindaji mwenye umbo na manyoya kama yake. Mabuu wa nzi huyu hula mabuu wa nyuki ndani ya mashimo hayohayo.

Mwingereza Henry Walter Bates ndiye aliyeeleza siri hii mwaka 1862, baada ya kuchunguza vipepeo wa Amazon. Mla wadudu akishaumwa, huikumbuka sura iliyomuumiza. Mwaka 1960 watafiti walichapisha majaribio yaliyofanywa Florida: vyura walioonja Bombus na kuchomwa walimkataa pia nzi anayefanana naye, ilhali vyura wasiowahi kuchomwa walimla.

Lakini hila hii hutegemea ukweli. Waigaji wakiwazidi mno nyuki, ndege atajifunza kwamba mistari ni chakula. Nyuki wakiisha, nzi hubaki bila ngao.

Hasara hiyo ingemfikia mkulima pia. Xylocopa huchavusha pasheni na mbaazi, na mabuu wa nzi wengi wa maua hula vidukari wanaofyonza mimea. Kwa hiyo dawa isipulizwe maua yakiwa na wageni; ikibidi, isubiri jioni. Na gogo kavu lililo pembeni mwa shamba lisikimbiliwe kuchomwa: huenda ndani yake mna watoto wa mchavushaji wa msimu ujao.