Kioo cha kunyolea hakitakuonyesha pete za Zohali

Nikiwa kidato cha pili nilichukua kioo cha kunyolea ndevu cha baba, nikakitia ndani ya bomba la plastiki na kungoja giza liingie. Mwezi ulionekana kama yai lililopasukia kikaangoni. Adhabu niliyopata asubuhi yake sikuisahau upesi.

Je, kosa lilikuwa wapi? Kioo cha nyumbani hupakwa dawa yake ya kung'aa kwa nyuma, hivyo uso wa mbele nao hurudisha taswira ya pili, hafifu. Kioo cha darubini hupakwa alumini upande wa mbele. Isitoshe, ubonyeo wake ni lazima uwe sahihi kupita kiasi: makosa ya uso wake yasizidi sehemu 70 hivi za milioni moja ya milimita, yaani unene wa unywele ukigawanywa mara elfu moja. Isaac Newton alijitengenezea chake cha madini mnamo 1668, lakini Newton alikuwa Newton.

Wengi wanaonunua hukimbilia upana. Ni kweli kwamba kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga karibu mara 1.7 kuliko cha 114. Hata hivyo, uliza kwanza umbali wa fokasi, yaani kutoka kioo hadi pale picha inapokaza. Kioo cha milimita 114 chenye fokasi ya milimita 900 hubonyea kidogo tu, na hata kikisuguliwa kwa umbo la kawaida la mpira kitakupa picha safi. Chenye upana huo huo lakini fokasi ya 500 sharti kiwe na umbo la parabola, la sivyo mwanga wa ukingoni na wa katikati hautakutana mahali pamoja. Muuzaji asipoweza kukueleza ni umbo gani, mrudishie kioo chake ubaki na pesa zako.

Unaweza pia kupima mwenyewe mchana. Elekeza kioo kwenye mti ulio mbali, kisha sogeza karatasi nyeupe mbele yake mpaka mti uonekane wazi, miguu juu. Pima umbali huo kwa futi kamba. Usikielekeze kwenye jua kamwe! Kitateketeza karatasi, na jicho pia.

Utahitaji kioo kingine kidogo, bapa, cha kugeuzia mwanga kando. Nacho kiwe kimepakwa mbele. Usivipanguse kwa leso, alumini itakwaruzika. Puliza vumbi tu.

Kwa lenzi ya jicho ya milimita 10, kile kioo cha 900 hukuza mara 90. Zohali huonekana na pete zake, mradi hazijatugeuzia ubavu kama mwaka 2025. Baba alipochungulia mara ya kwanza, miaka mingi baada ya kisa cha kioo chake, aliinua kichwa akaniuliza nilikuwa nimebandika picha gani humo ndani.