Simu ya dharura inapokatakata, linda maneno haya

Mjamzito akianza kutokwa na damu saa nane usiku Kaengesa, kifaa cha kwanza cha tiba si dripu wala gari la wagonjwa. Ni simu. Mara nyingi ni kitochi chenye chaji kidogo, ndani ya nyumba ya bati, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ambako ukishuka bondeni hatua chache tu mtandao unabaki kijiti kimoja.

Namba ya kupiga ni 115, bila malipo. Ni ya mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na tangu mwaka 2022 umekuwa ukisambazwa nchini. Unamhudumia mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga wa hadi siku 28. Anayepokea simu anauliza maswali, anapima ukubwa wa dharura, kisha anatafuta usafiri. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anapigiwa dereva wa jamii. Uamuzi wote huo unategemea maneno yaliyofika upande wa pili.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hatujaelezwa. Meseji ikifika, hufika nzima. Sauti hufika ikiwa na matundu. Kwa nini?

Tuanzie dukani. Unamtuma mtoto: "Sukari kilo tatu, sabuni mbili, chumvi moja, jumla vitu sita." Njiani anasahau idadi ya sabuni. Muuza duka akisikia jumla ni sita, anatoa tatu na moja, anajua sabuni ni mbili. Ile "jumla" haikuwa bidhaa. Ilikuwa neno la ziada lililotumwa ili kuokoa mengine yakipotea.

Wataalamu huuita ujanja huo misimbo ya kusahihisha makosa. Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba ujumbe unaweza kupita salama kwenye njia yenye kelele, na mwaka 1950 Richard Hamming akachapisha misimbo inayojua kosa liko wapi na kulirekebisha. LUKU nayo ina ulinzi wa aina hiyo, ingawa wa kugundua kosa tu: ukikosea tarakimu moja kati ya zile 20, mita inakataa.

Meseji ina njia nyingine zaidi, nayo ni kusubiri. Isipofika, mtandao unaituma tena, hata kama simu yako ilikuwa imezimwa. Sauti haina nafasi hiyo. Neno likichelewa zaidi ya milisekunde 400, mazungumzo yanavurugika, kila mmoja anaongea juu ya mwenzake. Kwa hiyo simu haisubiri. Inarekebisha inachoweza papo hapo, na kinachoshindikana inakiacha.

Kwenye mfumo wa kwanza wa sauti wa 2G, sauti yako inakatwa vipande 50 kila sekunde. Kila kipande kina biti 260, yaani alama za sifuri na moja. Kabla ya kurushwa hewani zinaongezewa za ulinzi hadi zinakuwa 456, lakini ulinzi haugawiwi sawa. Biti 50 zinazobeba uhai wa sauti hulindwa kuliko zote, 132 hulindwa kiasi, na 78 zilizobaki haziongezewi ulinzi wowote. Zile 50 zikiharibika kupita kiasi, simu inatupa kipande kizima na kurudia kilichotangulia, ikitumaini hutagundua. Vikizidi kukosekana, inapunguza sauti hadi kimya kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Mifumo iliyofuata imeboreshwa: mtandao ukidhoofika inabana sauti ili kuongeza ulinzi, na ndiyo maana wakati mwingine unamsikia mtu kama anaongea ndani ya debe lakini maneno yanaeleweka. Hata kwenye 5G, yenye misimbo mikali zaidi, sauti bado haina muda wa kusubiri.

Ukipiga 115

Kwa mzazi, maana yake ni kwamba simu inaweza kumeza neno bila kukuambia. Haijui kuwa "damu" ni neno zito kuliko "jamani". Kulinda yale machache yanayobeba uhai ni kazi yako.

Kwa maoni yangu ni manne: mgonjwa ni nani (mjamzito, mzazi au mchanga), dalili gani, kijiji na alama ya karibu kama shule au kanisa, na namba ya simu itakayopatikana. Yaseme mwanzoni, kabla ya salamu ndefu tulizozoea. Yarudie hata kama hukuambiwa, kisha mwombe mpokeaji naye akurudishie alivyosikia. Kumwomba arudie si kumkosea adabu. Hospitalini wahudumu nao huelekezwa kurudia agizo la dawa walilopewa kwa simu.

Namba zina hatari yake. Sikiliza "sita" na "tisa" kwenye simu inayokatakata: herufi zilezile zimebadilishana nafasi tu. Mimba ya wiki 36 inaweza kusikika ya wiki 39, na hayo ni mambo mawili tofauti kwa mkunga. Sema "tatu, sita", kisha ongeza "miezi minane imepita, wa tisa haujaisha". Hiyo ndiyo "jumla" yako ya dukani. Namba ya simu haina kinga kama ya LUKU. Ukikosea tarakimu moja unampigia mtu mwingine kabisa. Ya dereva itumwe kwa meseji, isisomwe mdomoni. Ila meseji isichukue nafasi ya kupiga, kwa kuwa inaweza kulala njiani saa nzima.

Kuhusu masika, mvua yenyewe haizuii sana mawimbi ya simu. Bati ndilo linalozuia, na kelele za matone juu yake zinameza sauti masikioni. Toka barazani au simama mlangoni, mbali na ukuta, na mwingine abaki ndani na mgonjwa. Mtoto wa shule anayejua kusoma naye afundishwe mapema yale maneno manne. Huenda usiku huo akawa ndiye mwenye simu mkononi.